Kuhusu Kozi Unayotaka Nikuchagulie

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hivi miguu yako imeota mizizi huko uliko? Likizo ya kwanza ulisema una mitihani. Ya pili ukasema una mafua, kana kwamba huku mafua hayaruhusiwi kuingia. Hii ya tatu tutaizungumza mbele. Jirani akiniuliza yule binti wa kishimo shavuni yuko wapi siku hizi, namjibu kaolewa na simu.

Haya, nimeshakugomba, sasa salamu. U mzima? Unakula, au unaonjaonja tu? Kile kifua kinachokubana wakati wa baridi kimetulia? Mimi sijambo. Magoti yananisema kila nikiinuka, nami nayajibu. Anayeniandikia ni shangazi yako. Anataka kunilainishia maneno, nimemwambia akilainisha hata moja, leo atapika yeye.

Ujumbe wako alinisomea neno kwa neno. Unasema siku za kuomba chuo zinakwisha, baba yako anataka usome sheria, na moyo wako unakuvuta kwenye kufundisha watoto viziwi. Unasema umechoka kufikiri, kwa hiyo nichague mimi na utafuata nitakalosema. Nikacheka. Mimi ambaye dawati nililijua kwa kulifuta vumbi! Halafu nikanuna. Nilinuna pale uliposema unataka kozi hiyo kwa heshima ya fundi Mikono, kwa sababu utoto wako ulikuwa mtamu.

Kweli ulikuwa mtamu. Unadhani mimi nimesahau? Ile karakana ya babu yako, makochi yamevuliwa nguo yamesimama mbavu nje, vumbi la sponji linatua mpaka kwenye chai. Gundi ilinuka hata kwenye nguo zetu za harusini. Babu yako na misumari mdomoni, anawaitikia wateja kwa kukoroma. Na fundi wetu wa cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, amekaa pale dirishani. Watu walikuwa wakiingia na kumwita Bubu. Babu yako alikuwa anatema misumari, anawatoa mpaka mlangoni, anawaambia waingie upya wakiwa na adabu. Ndipo akawa Mikono kwa kila mtu.

Wewe ulikuwa hujang'oka hata jino moja. Ulishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa, na Mikono akakupa jina la ishara: kidole shavuni, kinazunguka kidogo. Ulikuja kunionyesha umevimba kwa fahari kama umepewa nyumba. Haukupita muda mkawa mnawasengenya wateja mbele ya macho yao, nao wanawachekea. Unamkumbuka yule mama aliyekalia kochi ambalo gundi yake haijakauka? Nyinyi wawili mmeshaona, vidole vinaruka, na hakuna aliyemwambia. Alipoinuka kwenda zake, kochi nalo likataka kumfuata.

Babu yako hayupo tena, na chumba kile wanauza vifuniko vya simu. Nikipita hapo natazama upande wa pili. Sina ugomvi nao wale vijana. Ni pua yangu tu, bado inaitafuta ile gundi.

Lakini sasa nisikilize. Kumkumbuka mtu ni shughuli ya jioni, umekaa, umenyoosha miguu. Kazi utaiamkia asubuhi, hata siku ambayo hutaki kumwona mtu. Mikono mwenyewe alipita hapa juzi, mzima, anakula kunishinda. Nikamweleza kwa ishara zangu mbovu kwamba unataka kusoma kwa ajili yake. Alijigusa kifua, akapunga mkono kukataa. Kisha akanionyesha watoto, wafupi wafupi, wengi. Akamalizia kwa kuzicheka ishara zangu. Kwa hiyo hilo la heshima lifute, mwenyewe amelikataa.

Babu yako alikuwa na namna yake ya kupokea mwanafunzi. Hakumuuliza anapenda nini, maana kijana anayetafuta pa kushika atakwambia anapenda chochote. Alimpa kiti akivike kitambaa. Kikishavikwa, anakifumua chote mbele ya macho yake, bila neno, anakwenda kunywa chai. Akirudi amkute kijana amekaa anangoja kuambiwa la kufanya, alimsindikiza kwa upole. Akimkuta analaani chinichini lakini ameshaanza kushona upya, huyo alibaki.

Baba yako naye alifumuliwa kiti. Babu yako aliporudi hakumkuta kabisa, alikuwa duka la jirani anawasaidia kupiga hesabu za siku. Mafundi walicheka mpaka wakachoka. Babu yako hakukasirika hata kidogo. Alimpeleka akasomee hesabu zake, na leo ndizo zinazowalisha nyote. Hayo nilimpigia simu kumkumbusha.

"Mama, mambo ya chuo wewe huyajui," akaniambia.

"Chuo sikijui. Wewe nakujua, nilikuzaa."

"Ualimu una nini, mama? Akisoma sheria ataheshimiwa."

"Na nani? Na wewe? Basi anza leo, usingoje asome."

 Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mbona mwenyewe hajaniambia? Kila siku ananitumia watu."

Hapo, mke mwenzangu, amekushika. 

Sasa hiyo likizo ya tatu. Uliandika pembeni, kama jambo lisilo na maana, kwamba uliimaliza kwenye darasa la watoto viziwi, unajitolea. Kuna mtoto hataki kukutazama, ukiinua mikono anafumba macho. Ulitoka ukalia barabarani. Kesho yake ukarudi na njia nyingine, akafumba tena, nawe ukarudi tena. Mwanangu, hilo ndilo ungelianza nalo! Mafua sikusamehe, lakini hilo nimelisamehe.

Hata hivyo sikuchagulii. Nikikuchagulia, siku mambo yakikuwia magumu utakuja kunilaumu kaburini, na mimi nikifika huko nataka kulala. Fanya hivi: watafute waliomaliza kozi hiyo. Usiwaulize inaitwaje wala ina sifa gani. Waulize Jumatatu asubuhi wanafanya nini. Na sheria usiionee. Nenda mahakamani, kaa benchi la nyuma kutwa nzima. Ukitoka na hamu ya kurudi kesho yake, basi baba yako kaona kitu, nami nitafunga mdomo.

Shangazi anakusalimu na mkono umemuuma. Mjomba wako kinyozi anakusalimu, bado anawaambia wateja kwamba akili umerithi kwake. Mikono anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi ambayo hutaionea haya wala yenyewe haitakuonea haya wewe.

Njoo kabla siku za kuomba hazijaisha, na uje Jumamosi, baba yako anapokuwa hapa. Usipite mlango wa jikoni kuja kuninong'oneza. Ingia mlango wa mbele, msalimie, kaa mkabala naye, umwambie kozi uliyochagua kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa kando yako. Ukinigeukia nikusaidie, utanikuta nimesinzia.

Anayekupenda hata akikugomba,
Bibi yako.