Darubini Niliyomnunulia Nyani

Jumapili, asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nguo nilizofua jana bado mbichi, na mimi moyo wangu mweupe kabisa. Nimelipiza.

Naandika mwenyewe kwa simu, nimekaa kibarazani. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mnaosoma mnivumilie.

Yule nyani dume mwenye sikio lililochanika ndiye aliyeanza. Mwezi uliopita mwanangu Zainabu, ana miaka saba, alikaa pembeni ya shamba anakula hindi la kuchemsha, mimi napalilia karibu yake. Nikamwona nyani anakuja. Hakimbii, anatembea kama mwenye shamba. Nikapiga kelele, nikamrushia bonge la udongo, hata hakugeuka. Akampiga mtoto kofi, akamwangusha, akachukua hindi, akakaa palepale juu ya jiwe akalitafuna huku ananitazama.

Ananitazama!

Huku kwetu kila mtu anajua, nyani hamwogopi mwanamke. Akiona suruali anakimbia, akiona khanga anakuja kula. Na mume wangu yuko Dakawa kwenye mpunga. Wale wanyama wanalijua hilo kuliko majirani.

Zahanati walimsafisha Zainabu mikwaruzo, wakamchoma sindano. Mikwaruzo ikapona, woga haukupona. Hata chooni hakwenda mpaka nimshike mkono, halafu nisimame mlangoni niimbe ili ajue nipo. Mtoto aliyekuwa anapanda mlima mbio! Mdomo unaimba, moyoni namwapiza yule nyani afe kila aina ya kifo.

Nitasema ukweli, niliwaza sumu. Niitie kwenye ndizi mbivu, basi. Astaghfirullah. Nikawafikiria mbwa wa watu, nikawafikiria watoto wa watu wanavyookota ndizi, nikaacha. Tena kwa sumu angekwenda kufia porini peke yake. Mimi nilitaka akimbie, na Zainabu amwone anavyokimbia. Amwone kwa mbali, akiwa salama, lakini amwone mpaka uso.

Ndiyo nikaenda mjini kutafuta darubini.

Muuzaji, kijana mpole, alinipangia tatu mezani, zote za bei ya katikati. Akaniuliza, "Mama, unataka ya kuwindia, ya kuangalia ndege, au ya nyota?"

"Nataka ya kumwangalia adui."

"Adui gani tena, mama yangu?"

"Nyani."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Ya kwanza ndogo, inaingia mfukoni. Nikatoka nayo mlangoni nikaielekeza mlimani. Juani inaonyesha vizuri, lakini ukiipeleka chini ya miti ni giza tupu. Na adui yangu anapenda kivuli. Nikairudisha.

Ya pili kubwa, vioo vya mbele vipana kama vikombe vya chai, imeandikwa 10x50. Akasema hii ndiyo ya nyota, mwezi utauona na mashimo yake. Kweli inang'aa. Lakini nzito, na inavuta karibu mno, mkono ukitetemeka kidogo mlima wote unaruka. Mikono yangu tangu siku ile haitulii. Tena nilijaribu kuibana ilingane na macho ya mtoto, yale yaliyokaribiana, ikagoma.

Ya tatu 8x42. Inakuza kidogo kuliko ile kubwa, ila inachukua eneo pana, mnyama akihama humpotezi. Kivulini ng'ambo ya barabara nilimwona kuku anapekua, kila unyoya. Kijana akasema imezibwa, maji hayaingii wala vioo haviweki ukungu kwa ndani. Nikaibana, ikabanika. Gurudumu la katikati laini, kidole cha Zainabu kitaligeuza.

Nikachukua hiyo.

Nikawa nakaa nayo kibarazani kila asubuhi, na nilichokiona kilinichemsha damu. Kumbe yeye ndiye alikuwa ananichunguza mimi! Anakaa kwenye mwamba juu ya shamba, ananisubiri nishuke mtoni na ndoo. Nikishapotea tu, anateremka.

Basi jana nikamvalisha jirani yangu Bi Mwanahawa khanga yangu, maana miili yetu imelingana, nikamtwika na ndoo yangu. Mimi nikavaa koti la mume wangu, suruali yake na buti zake za mvua, nikajificha ndani ya mahindi na fimbo na debe. Zainabu nilimwacha kibarazani mapajani mwa bibi yake, darubini machoni. Bi Mwanahawa akapita karibu yangu anatingisha kiuno kupita kiasi, akaninong'oneza, "Shoga, mumeo akirudi atanifuata mimi."

Nyani akashuka. Akavunja hindi la kwanza bila wasiwasi.

Nikainuka. Nikapiga debe, nikanguruma sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Aliruka juu, akajikwaa, na fimbo ikamkuta matakoni. Moja tu, lakini iliingia. Akatupa hindi, akapanda mwamba analia, na kundi lake lote nyuma.

Tamu, jamani. Wanasema kisasi ni cha Mungu. Namshukuru Mungu kwa kuniazima fimbo.

Nilipofika nyumbani Zainabu alikuwa anarukaruka. "Mama, alijinyea! Nimeona!" Na jioni alikwenda chooni mwenyewe. Hakuna aliyeniambia niimbe.

Lakini mimi ni mama, hofu hainiishi. Atarudi, najua. Je, akirudi na hasira zake?

Nilikuwa nawaza hivyohivyo leo alfajiri, ukungu haujashuka, mara Zainabu akawaona na darubini wanapita ng'ambo ya bonde, yule mwenye sikio bovu akiwa mbele. Akapanda juu ya kiti, akapayuka kwa nguvu zake zote, "Wewe mwizi! Njoo tena uone! Mama yangu ana suruali!"

Ningepaswa kumkanya, mtoto wa kike kupayuka mpaka mlima mzima usikie. Nikavuta kiti kingine, nikapanda, tukapayuka wote wawili.