Vidole vya Bawa la Kuku

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimesahihisha majaribio ya baiolojia. Akeyo sifuri swali la bawa! Eti vidole vitatu vya kuku ni cha pili, cha tatu na cha nne. Wakati mifupa ya dinosaria inaonyesha wazi: viwili vya mwisho vilipotea, vikabaki gumba, cha shahada na cha kati. Nimelisoma jibu lake mbele ya darasa, wakacheka. Akasema taratibu, Mwalimu, malizia kusoma. Nikamwambia akae. Mjuaji!
Kwa alama mbili tu, nafasi ya mashindano ya sayansi Dodoma imekwenda kwa mwenzake Shimba.

Jumatano, 8 Oktoba
Daftari lake bado ninalo. Leo nimesoma mpaka chini. Lo! Ameeleza kwamba ndani ya yai vidole vinachipukia mahali pa cha pili, cha tatu na cha nne, halafu vinakua na umbo la cha kwanza, cha pili na cha tatu. Nimeperuzi mpaka bando limekata. Wataalamu wenyewe wanabishana, na hoja yake ipo. Kidole kinaota kwenye nafasi ya mwenzake na bado kinakuwa gumba! Nimekaa nautazama mkono wangu kama mwehu.
Miaka kumi na moja nafundisha. Nikaishia mstari wa kwanza. Naona aibu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeingia kwa mkuu wa shule kusema ukweli. Shikamoo, mkuu. Marahaba, Bashiru, kuna nini? Nikaomba chaki. Chaki! Mwoga mkubwa mimi. Orodha ya Dodoma inatumwa Jumatatu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama yake Akeyo, Adoyo, kaniita kwao Igoma. Nilijua naenda kusemwa. Wapi! Kuku mzima. Wao Wakristo — kamwita jirani, Mzee Khalidi, aje achinje ili nami nile. Firigisi kanipa mimi. Anasema asante sana, Mwalimu, mtoto nyumbani haongei kingine ila baiolojia yako. Kumbe Akeyo hajamwambia! Akeyo mwenyewe kaninawisha mikono.
Kisha mama katoa viatu vipya kwenye boksi. Vya Dodoma. Mwalimu, wanaondoka lini?
Firigisi nikairudisha sahanini. Nimesingizia simu, nimetoka. Naandika nimesimama, nyuma ya jiko lao. Simu kweli ninayo mkononi, namba ya mkuu naiona — kidole hakibonyezi.
Ndani mama anauliza, mbona Mwalimu kakawia, hajapenda chakula?
Akeyo anamjibu, kifunike tu, mama. Anarudi.