Mshono Chini ya Zulia

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, kile kifua kimepoa, na Mama mgongo umempa nafasi ya kulala. Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako ameanza kutembea. Anashika ukuta kama mlevi anayetafuta mlango, na ukuta ukiisha anakaa chini na kujipigia makofi mwenyewe. Meno mawili ya chini yametoka, la tatu linamsumbua. Anakusalimu sana mchumba wake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Baba, nikiisikia sauti yako nitalainika, nitaishia kukuuliza habari za kuku. Kwenye karatasi najikaza. Utanisamehe mwandiko, unajua shule niliiacha njiani.

Nianze na gari. Mkwe wako alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli, na mvua ikinyesha nusu ya mikate inarudi uji. Nikauza cherehani yangu, nikasema nitashona kwa mkono mpaka gari lituletee nyingine. Tukaenda kwenye mnada wa magari yaliyopata ajali, uwanja mkubwa wenye ukuta wa mabati, magari yamepangwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Sheria yao ni moja: unaangalia kwa macho tu. Huwashi, huendeshi, hufunui kitu, na ukishanunua ni lako pamoja na maradhi yake.

Aliyetushika mkono pale ni yule dalali anayeitwa Tabasamu, na tulimwamini kwa sababu ndiye anayekuletea kazi za kunyoosha bodi. Tulisema mtu anayefanya kazi na Baba hawezi kututupa. Akatuambia gari hili liliguswa taa ya mbele tu, mwenyewe akalichukia, akalipwa na bima yake akaliacha. Akalipigapiga mgongo kama mtu anayeuza ng'ombe, akaapa kwa kichwa cha mama yake. Mkwe wako akaninong'oneza kwamba anayeapa kwa mama yake hadanganyi. Sasa najua wapo wanaouza na mama zao.

Mwanzoni tulikuwa na raha, sikufichi. Mkwe wako aliliosha gari kuliko alivyojiosha yeye. Majirani wakaanza kumwita Bosi, naye akaitika. Kisha gari likaanza kuvuta upande mmoja. Ukiachia usukani linakwenda lenyewe mtaroni, na tairi zinalika upande mmoja kama viatu vya mtu mwenye matege. Majirani hawana dogo. Wakawa wanauliza Bosi, leo nani anamwendesha mwenzake? Kioo cha mbele kikapasuka hakijarushiwa hata punje ya mchanga. Bado tukasema ni mambo ya gari kuukuu.

Mpaka siku tuliyompeleka mtoto kliniki. Mimi naye tulikuwa tumekaa kiti cha nyuma, amelala mapajani kwangu. Kwenye kona, mlango ukafunguka wenyewe. Sikumbuki nilivyofanya, najua tu kwamba nilimdaka kwa gauni lake, na kichwa chake kilikuwa nje, na barabara inapita chini yake. Hakulia. Alicheka, alidhani namchezesha. Mimi ndiye niliyelia.

Tukalipeleka gereji. Fundi akazunguka, akachuchumaa, akaomba ruhusa ya kung'oa viti na kufunua zulia. Chini ya zulia, kutoka mlango huu mpaka ule, palipita mshono. Fundi akasema si gari moja hili. Mbele ni la mtu aliyegongwa nyuma, nyuma ni la mtu aliyegongwa mbele, yamefungishwa ndoa ya mkeka, na siku yakigombana yatatalikiana barabarani. Akasema kwa jinsi linavyojikunja, siku hiyo haiko mbali. Akakataa hata kutulipisha.

Baba, niliinama kuutazama ule mshono.

Mafundi wengine magamba ya mshono wao, yale mawimbi ya chuma kilichoyeyuka, yanalala upande mmoja. Ya kwako yanalala upande wa pili, kwa sababu unachomelea kwa mkono wa kushoto. Na ukimaliza unapaka ile rangi ya kijani ya vitanda unavyounda, kutu isije ikala kazi yako. Kitanda nilicholalia mpaka naolewa kilikuwa na mshono ule ule. Usiku nilikuwa naupapasa kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Nikaupapasa na huu. Ni wewe.

Nikainuka. Mkwe wako alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji akimlaani aliyefanya kazi ile, yeye na kizazi chake. Kizazi chake kilikuwa mgongoni mwangu, kinanyonya kidole.

Njia nzima nilikutetea moyoni. Nikasema Baba anatumwa kazi, anachomelea, hajui gari linauzwa wapi wala kwa nani. Ningekaa na maneno hayo mpaka leo, kama si ile simu. Usiku wa kuamkia siku ya kulipa nilikutumia picha ya gari nikakupigia, nikakuuliza unalionaje. Ulinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha ukauliza kama tumeshalipa. Nikakwambia bado, tunalipa asubuhi. Ukasema haya, Mungu awatangulie. Nami nikaitikia amina, Baba. Nikalala usingizi mzuri kwa amina hiyo.

Tabasamu ni mgeni kwangu, sina la kumdai zaidi ya pesa. Wewe ulikuwa na usiku mzima. Neno moja tu, acheni. Hata usingetaja sababu, tungeacha. Labda uliogopa atakunyima kazi. Labda uliona haya. Nimekutafutia sababu kila mahali, na kila nikiipata, namwona mwanangu kichwa kiko nje ya mlango.

Sasa sikia kinachonifanya niandike leo. Mkwe wako alimwendea Tabasamu, naye akamshauri, bado anatabasamu, arudishe zulia amtafute mnunuzi mwingine. Na mwingine amepatikana. Ni mama mmoja mwenye shule ya chekechea, anataka gari la kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha. Si mjinga, amesema hatoi pesa mpaka fundi anayeaminika alikague. Mkwe wako amemwambia baba mkwe wake ni fundi wa bodi na hana uongo. Jumamosi anakuja kukuchukua.

Nimemsihi, amekataa. Anasema sisi nani alituhurumia? Si mtu mbaya, unamjua. Mfa maji haachi kutapatapa. Hajui mshono ni wa nani, sijamwambia, na wala si kazi yangu kumwambia.

Ni kazi yako, Baba. Akija kukuchukua mwambie pale pale mlangoni kwako, kabla hujapanda chochote. Atakasirika. Acha akasirike. Kisha njoo naye, ulikate gari hilo kwa mkono wako, vipande, pale uani kwetu. Injini ni nzima, itauzwa peke yake. Mkwe wako atarudi kwenye baiskeli, mimi sindano ninayo. Tutaanza upya, tumewahi kuanza na vichache kuliko hivi.

Na kama utakuja ukasimama mbele ya yule mama ukasema gari ni safi, nitalifunua zulia mwenyewe, mtoto mgongoni, na nitamwambia mshono ni wa baba yangu mzazi. Sitapenda. Lakini nitafanya.

Mpe Mama salamu zangu zote, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia kwa mtu. Wasalimie na wadogo zangu. Nimeshatandika kitanda cha wageni, na mto wako nimeuanika juani. Ninakungoja, Baba. Bado ninakungoja kama mtu anayengoja mtu mwema.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Mama wa mchumba wako