Waya Wenye Uzi wa Zambarau

Mwaka umetimia, Baba, tangu jioni ile ulipochomoa nyaya zako zote kama kawaida yako, ukazikunja, ukaitia kila moja ndani ya soksi yake kuukuu, ukaenda kujinyoosha kitandani na hukuamka tena. Tulikulilia na bado tunakulilia. Lakini kwa kuwa ulitulea tuseme ukweli hata unapouma, tunakwambia mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili kwamba sehemu kubwa ya mwaka huu tumeipitisha tukiwa tumekukasirikia.

Wasiokufahamu waelezwe kidogo. Ulikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka thelathini na moja. Ulipostaafu ulikigeuza chumba cha nyuma kuwa studio: ukatundika mablanketi ukutani, ukaziba dirisha kwa magodoro ya wageni, na wageni tangu hapo wakalala mkekani. Humo Mama alisoma vitabu na wewe ukamrekodi, kwa ajili ya darasa la wanafunzi wasioona. Mwalimu wao, ambaye naye haoni, alikuwa rafiki yako. Vitabu kumi na vinne mlivimaliza. Kabla ya kila sura uliinua kidole na kusema, "Kimya," na nyumba nzima ikatii, pamoja na cherehani yangu mimi binti yako, pale barazani. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Mzee Kimya.

Ulikuwa mpole. Mama alipokosea neno moja mara tano mfululizo, ulimwambia ni mashine iliyokosea, ukamjazia kikombe cha maji ya uvuguvugu, mkaanza upya. Hatukuwahi kukusikia ukimharakisha.

Ila hayo mambo yako ya nyaya, Baba. Uliamini kwamba waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha unachoka, na hakuna aliyeweza kukutoa kwenye imani hiyo. Kila jioni ulichomoa, kila asubuhi ulichomeka, peke yako, mlango umefungwa. Ncha za kila waya ulizizungushia uzi uliouchota kwenye kopo langu la ushonaji bila kuniomba. Ulichagua ule wa zambarau niliokosea kuununua, ambao hakuna mteja aliyewahi kuutaka. Tulipokuomba utuonyeshe namna ya kuunganisha, ulicheka tu. Ukasema hakuna cha kufundisha hapo, kila waya una tundu lake, na unapoingia bila kulazimishwa ndipo mahali pake. Kauli hiyo ndiyo iliyotugharimu mwaka mzima.

Ulituachia kitabu cha kumi na tano kikiwa hakijaisha, kile kinene cha mjenzi wa daraja. Sura kumi na tisa zilikuwa tayari, zikabaki tatu, na mjenzi mwenyewe tulimwacha amesimama katikati ya daraja lake, mvua inamnyeshea. Miezi miwili baada ya mazishi Mwalimu alipiga simu. Aliomba radhi kwanza, kisha akasema wanafunzi wanamuuliza kila siku kama yule mtu alivuka. Mama hakuwa ameshika kitabu tangu ulipoondoka, lakini siku ile alisema atasoma. Tulifurahi mno. Tulidhani kumshawishi Mama ndiyo ilikuwa kazi ngumu.

Maikrofoni tuliijua. Kompyuta tuliijua, na ile kadi ya sauti, kiboksi cha rangi ya fedha kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, tuliijua pia. Kati ya maikrofoni na kadi ulikuwa ukiweka kile kisanduku chako cha kukuzia sauti, kizito kama jiwe, ulichokiunda mwenyewe kwa vipuri vya mitambo chakavu ya redio. Hakina maandishi hata herufi moja. Mdogo wangu dereva alikuja siku yake ya mapumziko, tukafungua soksi. Waya wa pini tatu ukatoka kwenye maikrofoni ukaingia kisandukuni kwa upole. Mwingine wa pini tatu ukatoka kisandukuni ukaingia tundu la mbele la kadi, nao kwa upole, mpaka ukalia tik. Tukapongezana. Mama alipotamka maneno mawili, sauti ilipasuka kama turubai linalochanwa.

Tulipokipunguza kisanduku sauti, Mama alizama chini ya mvumo. Tulipokiongeza, alipasuka tena. Dereva akanilaumu mimi, mimi nikamlaumu yeye. Fundi wa kompyuta alifuta kila kitu, akarudisha kila kitu, akatangaza kwamba kadi imekufa. Tukaazima kadi nyingine, nayo ikawa imekufa vilevile. Tukanunua nyaya mpya za pini tatu, tukabadili soketi za umeme, tukahamisha meza. Sijui nilikaa mara ngapi kwenye sakafu ile, kichwa chini ya meza, nikisema maneno ambayo ungenifukuzia nyumbani. Siku moja nilikwambia kwa sauti kwamba ungeandika hata nyuma ya risiti. Picha yako ukutani ikaendelea kunitabasamia, nikaigeuza itazame ukuta. Mama aliirudisha ilivyokuwa na hakuniuliza kitu.

Dereva akaona njia ya mkato: tuachane na kisanduku, maikrofoni iingie moja kwa moja kwenye kadi. Sauti ikatoka safi kabisa, nyembamba kidogo tu. Kwa hesabu yetu tungemaliza kitabu wiki ile ile. Mama akavaa visikilizio, akasikiliza, akavivua taratibu.

"Huyu siye aliyeanza kitabu," akasema. "Wale watoto hawanioni. Sauti ndiyo uso wangu kwao. Siwezi kuwabadilishia uso sasa hivi, wamebakiza padogo."

Akafunga kitabu na hakukifungua kwa miezi sita. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni kwamba alianza kupunguza na maneno mengine. Mezani alitujibu kwa kichwa. Jirani alipomsalimia aliinua mkono tu. Mwanamke aliyesomea watu vitabu kumi na vinne alikuwa ananyamaza mbele ya macho yetu, na sisi hatukuweza kuchomeka waya. Nilikukasirikia siku hizo, Baba, kuliko siku zote.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja mwenyewe. Tulimsikilizisha ile sauti iliyopasuka. Aliinamisha kichwa, akaomba tuirudie, halafu akatikisa kidole.

"Imekuzwa mara mbili," akasema. "Kisanduku kimekuza, kadi nayo ikakuza tena. Hilo tundu la mbele ni la maikrofoni yenyewe, inayokuja na sauti ndogo."

Akaipapasa kadi mpaka nyuma, akakuta matundu mawili ya jeki nene, ile plagi ya kijiti kimoja, ambayo siku zote tuliyadhani ni ya gitaa. Hapo ndipo sauti iliyokwisha kukuzwa inapoingilia. Ulihitajika waya wenye pini tatu upande mmoja na jeki nene upande wa pili. Tukamwaga soksi zote kitandani. Moja, ya kahawia, haikuwa na kitu ndani. Tulikuwa tumeiona hivyo mwaka mzima, tukadhani ni soksi tu.

Nikamgeukia dereva, naye akawa anachunguza sakafu. Siku ya mazishi yako, mwenye spika za kukodi alikuja bila waya wa maikrofoni. Dereva akakimbilia chumbani mwako, akachagua unaofaa, akampa. Wasifu wako ulisomwa kupitia waya ule, na jioni mwenye spika akafungasha vyombo vyake akaondoka nao. Dereva alijitetea kwamba alijua ndio wenyewe kwa sababu uliingia bila kulazimishwa. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikaanza kucheka, Mwalimu akafuata, na Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu.

Tulimpata mwenye spika harusini, mtaa wa tatu kutoka kwetu, mjomba wa bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaanza hotuba. Mwenye spika akaapa kwamba waya ni wake tangu zamani. Nikamwonyesha uzi wa zambarau ncha hii na ncha ile, kisha nikatoa uzi mwenzake mkobani nikauweka kando. Akakuna kichwa, akasema sawa, lakini tumwache mjomba amalize. Mjomba hakuwa na haraka.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, tuliunganisha. Jeki nene nyuma ya kadi, kitufe cha kukuzia sauti cha kadi kikiwa chini kabisa, kisanduku kikaachwa kifanye kazi yake peke yake. Mvumo ukaisha. Mama akatamka neno moja la kujaribu na alikuwa ni yeye, yule wa sura ya kwanza. Akafungua kitabu, akanywa maji, akanyoosha mgongo. Dereva akabonyeza kitufe chekundu. Cherehani nilikuwa nimeizima. Lakini Mama hakuanza.

Alikuwa anakitazama kiti chako. Alikuwa anasubiri kidole.

Mwaka mzima tulihangaika na waya, hatukukumbuka kwamba na neno lile lilikuwa limeondoka nawe. Nilifungua mdomo nilitamke, nikaufunga tena. Dereva alijifanya anasoma kitu kwenye kompyuta huku mabega yakimtikisika. Mashine ikaendelea kurekodi. Mwishowe Mama akainua kidole chake mwenyewe, akasema, "Kimya," akatusubiri kidogo, akaanza kusoma. Siku ya tatu mjenzi alifika ng'ambo.

Mwalimu alituuliza kama aukate ule mwanzo kabla hajawapa wanafunzi. Tulimwomba auache. Ametupigia simu juzi kutueleza kwamba sauti ya Mama ilipotamka neno lako, darasa zima, bila kuambiwa na mtu, liliacha kupumua.

Jioni tunachomoa nyaya zote na kuzirudisha kwenye soksi, maana imani yako tumeirithi. Ila mpangilio tumeuandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, na kwa hilo utusamehe.

Wanaokukumbuka ni mkeo aliye msomaji wako, mimi binti yako mshonaji, ambaye uzi wake wote wa zambarau ni wako sasa, mwanao dereva, aliyekwisha kusamehewa, wakwe zako, wajukuu zako wanne, Mwalimu na darasa lake.

Pumzika, Baba. Kila nyumba hii itakaponyamaza, tutakukumbuka.