Dada Zuhura, Makufuli Niliyageuza Mimi

Dada Zuhura,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe. Kazi hii ulinifundisha wewe, kwa hiyo usikie kutoka kwangu.

Tangu tukuzike kule kijijini Mtawanya, ofisi yetu ya Kibiti ni ileile, na seva ni ileile uliyoigawa ijione kompyuta nyingi, kila zahanati ya delta ikapata ya kwake. Kiti chako anakikalia meneja akitaka kula chipsi. Mafuta yameganda kwenye kibodi yako. Nimeyafuta mara mbili, nimechoka.

Wiki chache baada ya wewe kuondoka, seva ikaanza kukwama. Tunaizima, tunaiwasha, inakaa siku tatu, inarudia. Nesi wa zahanati ya Mbuchi anaandika majina ya wajawazito nyuma ya maboksi ya dawa, kisha ananipigia: "Ile mashine ya marehemu imekwama tena." Neno hilo kalipata kwetu. Chochote kikiharibika ofisini meneja husema ni cha marehemu, hata feni. Marehemu hajibu, ndiyo raha yake.

Kwenye arobaini yako tulikuja wote. Tumezunguka sinia, meneja akasema umetuachia urithi wa kukwama. Nikacheka, dada. Nikacheka na pilau yako mdomoni. Nilipoinua kichwa, mama yako alikuwa amesimama nyuma yetu na birika la kunawia. Alinimiminia maji taratibu mpaka sabuni yote ikatoka mikononi.

Ndipo nikaanza kulisaka kosa, kwa aibu tu. Siku tisa. Unakumbuka niliposhindwa kuelewa kazi mbili zinavyokwenda kwa pamoja ndani ya seva, ukanipeleka uani kwenu nikawatazame wadogo zako wakitwanga mpunga, michi miwili, kinu kimoja? "Kila mmoja anaijua zamu ya mwenzake," ulisema. "Wewe na papara zako ungemvunja mtu kidole."

Uliweka makufuli mawili kwenye programu ya seva ili kazi zisigongane: lifungwe la kumbukumbu kwanza, kisha la diski. Popote, siku zote. Nikakuta mahali pamoja pamegeuzwa, diski kwanza. Basi kazi mbili zikikutana, moja imeshika la kumbukumbu inangoja la diski, nyingine imeshika la diski inangoja la kumbukumbu, na hakuna inayoachia. Seva nzima inasimama. Nikafungua historia ya mabadiliko nimwone aliyegeuza.

Jina langu. Wiki ile uliyolazwa, nilipokuwa na haraka ya kwenda harusini Bungu. Na ulikuwa umenipigia kutoka kitandani, sauti imekwisha: "Mdogo wangu, makufuli usiyaguse mpaka nirudi." Nikakujibu sawa.

Nilitoka nje nikatema mate.

Kurekebisha kulikuwa mistari miwili. Nimeijaribu seva wiki mbili, nimeitwisha kazi nyingi kwa mpigo, haijakwama. Nikamwambia meneja tuziandikie zahanati kwamba kosa lilikuwa langu. Akasema niache, tutaonekana watu wa ovyo, na wewe huna tena cha kupoteza. Alisema hivyo akichokonoa meno. Nilimchukia, halafu nikakumbuka kwamba wazo hilohilo lilikuwa limenijia mimi kabla yake.

Jumapili nikaenda kwa mama yako. Nikamweleza yote, hata harusi. Alisikiliza akichagua mchele mpaka ungo ukaisha. Akasema, "Mie mwanangu namjua. Hao mliowaambia ndio hawamjui. Kawaambie."

Barua kwa zahanati zote nimeituma leo asubuhi, jina langu chini, kabla sijaanza hii yako, maana najijua. Meneja hajaiona bado. Akinifukuza, anifukuze. Nesi wa Mbuchi ameshajibu, neno moja tu: "Kumbe." Nimelisoma mara nyingi.

Nakuaga, dada. Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko. Nakuahidi, hawatakusingizia tena mbele yangu nikanyamaza. Kicheko nilichocheka siwezi kukifuta.

Mdogo wako,
Hamisi