Ahadi Uliyomsainisha Odette

Shamba la Gauthier,
East Harlow,
Vermont.
Januari 20, 2019

Mpendwa wifi Lucille,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko San Diego, wewe na shemeji Gerald, na kwamba goti lake limepona tangu alipoanguka akicheza gofu. Sisi hatujambo. Mama yenu anakula vizuri na kila Jumapili anaulizia kama umepiga simu, nasi tunamwambia una kazi nyingi. Bomba la maji bandani liliganda juma lililopita, na mdogo wako Armand alilala kifudifudi akiliyeyusha kwa mashine yangu ya kukaushia nywele. Mashine imekufa, lakini ng'ombe walikunywa.

Salamu zimekwisha. Sasa nina ugomvi na wewe, na nimeamua kuuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaongea wewe tu.

Katika simu yako ya mwisho uliomba picha ya Odette akiwa amevaa lile sweta la chuo chako ulilomtumia, uwaonyeshe wenzako mliosoma pamoja. Sijasahau. Nitafika huko.

Kwanza nikurudishe Agosti, maana una kipaji cha kusahau. Ulikuja tukiwa tunakata majani kwa mara ya pili, ukakaa barazani na miwani yako ya jua, ukamwita mwanangu akae karibu yako. Mimi nilikuwa hapo hapo nakata maharage. Ukamsifia chuo chako, ukamwambia, "Ukiomba kama watu wengine utapanga foleni na dunia nzima. Omba mapema, kwa ahadi. Chuo kikijua unakitaka chenyewe tu, nacho kitakutaka."

Odette akauliza, "Na ada, shangazi?"

Ukamjibu, "Pesa haijawahi kumzuia mtoto mwenye akili."

Ni kweli haikukuzuia wewe. Baba yenu aliuza msitu wote wa kilimani ili usome, na Armand akaacha shule akabaki na ng'ombe. Hajawahi kulalamika na sitamsemea leo. Nakukumbusha tu kwamba msitu mwingine hatuna.

Basi ikaja Oktoba na ile ahadi yenyewe. Inasainiwa na watatu: mtoto, mzazi na mwalimu mshauri wa shule. Mtoto anaahidi kwamba akikubaliwa ataenda, na papo hapo atafuta maombi yake kwenye vyuo vingine vyote. Armand aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini. "Mimi sisaini kitu ambacho bei yake haijaandikwa," alisema. "Hata ng'ombe wa mnadani nampapasa kiwele kwanza."

Ukampigia simu. Nilikusikia kutoka upande wa pili wa jiko. "Armand, acha ushamba. Msaada wa fedha upo. Usimharibie mtoto." Mdogo wako ana miaka hamsini na mbili, ana mikono ya kung'oa nguzo, lakini dada yake akipaza sauti anarudi kuwa na miaka sita. Akasaini.

Jibu lilikuja katikati ya Desemba tukiwa tunakamua jioni. Odette alipiga kelele, ng'ombe wakashtuka, mmoja akapiga teke ndoo. Baba yake alimkumbatia akiwa na mavi hadi viwikoni na wala mtoto hakujali. Usiku ule ule, kwa kuwa ameahidi, alifuta ombi lake kwenye chuo kikuu cha jimbo letu. Unakijua. Ndicho chenye ufadhili wa watoto wa wakulima, ambako tayari walikuwa wamemwandikia mara mbili wakimwita, na ndicho kinachoandaa vijana kwa udaktari wa mifugo anaoutaka tangu akiwa na meno ya utoto.

Asubuhi yake ikaja bei.

Sitakuandikia tarakimu, maana unazijua na ulisema "si mbaya sana". Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya kinachobaki kwetu baada ya kulipa chakula cha ng'ombe, dizeli na benki. Wameithamini ardhi yetu kwa bei wanayolipa watu wa Boston wanaotafuta mahali pa kujenga nyumba za likizo. Wakahesabu na ng'ombe. Kwa macho ya chuo chako, wifi, sisi ni matajiri, na nasikitika kwamba hatukujulishwa mapema tukafurahia.

Nilipiga simu ofisi yao ya misaada. Nikapata kijana mpole sana.

"Kwa hesabu zetu, mama, familia yenu ina mali ya kutosha."

"Mali ipi?"

"Ardhi na mifugo."

"Kijana, hao ng'ombe ndio mshahara wetu. Nikiwauza nikulipe mwaka huu, mwaka wa pili nitakamua nini? Paka?"

Akasema wazazi wengi hukopa kwa dhamana ya ardhi. Nikamwuliza kama amewahi kufika shambani. Akasema ndiyo, aliwahi kupelekwa kuchuma maboga.

Tuliandika rufaa. Wakatuongezea kidogo, kiasi cha kununulia vitabu na soksi. Nikauliza, je, si mnasema mtoto anaweza kufunguliwa ahadi kama pesa haitoshi? Yule kijana akasema ndiyo, lakini kwa hesabu zao pesa inatosha. Yaani muuzaji ndiye anayepanga bei, na ndiye anayeamua kama mnunuzi anaimudu. Mimi nimeuza maziwa maisha yangu yote na sijawahi kupata biashara tamu kama hiyo.

Mwalimu mshauri, Bi. Whitcomb, naye akaja na mkate wa ndizi. Nikajua hana jema, maana yule haoki bure.

"Noreen," akasema, "Odette akijitoa, chuo hakitasahau jina la shule yetu. Na mwakani Curtis Kessel anataka kuomba huko huko."

"Nani kakwambia hawatasahau?"

"Hawasemi. Lakini sisi tunajua."

"Kwa hiyo mwanangu aingie kwenye deni ili mtoto wa jirani apate nafasi ya kuingia kwenye deni lake?"

Akasema mimi nina hasira. Nikamwambia ameona vizuri, akate mkate.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikiwa na ng'ombe, na ng'ombe hawanikatizi. Nani anaweza kuahidi Oktoba kununua kitu atakachotajiwa bei Desemba? Ni mtu ambaye bei haimsumbui. Basi watoto wa watu hao wanajaza viti mapema, na wetu, ambao lazima walinganishe chuo hiki na kile, wanagombania vilivyobaki. Halafu anapotokea mmoja wetu akajitosa, wanamwambia habari ya heshima. Wanamfunga binti wa miaka kumi na saba, na wao wenyewe hawajafungwa na chochote. Mwenye akili aliyebuni mpango huu simtakii mema, na kama mliketi naye darasa moja, mfikishie.

Sasa nafika kwenye kosa lako kubwa. Baada ya Mwaka Mpya hukunipigia mimi wala Armand. Ulimpigia Odette. Ukamwambia mtu mwenye heshima havunji ahadi, na kwamba umeshawatangazia wenzako, na kwamba familia yenye moyo hupata njia. Mtoto aliacha kula. Nilimwuliza ana nini, akasema tu, "Mama, nilisaini."

Jumanne iliyofuata, Mama yenu aliuliza mezani mchana, "Odette anampeleka wapi Hazel?" Alikuwa amemwona dirishani akimpakia kwenye tela. Hazel ndiye yule mtamba wake, aliyemlea kwa chupa, aliyempeleka maonyesho ya kilimo ya wilaya akarudi na utepe wa bluu. Ulipiga naye picha Agosti ukasema ananuka. Odette alikuwa amempeleka mnadani ili aanze kuchangia ada.

Nilikuchukia siku ile, Lucille. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Armand aliacha supu mezani akaondoka na buti za bandani. Alipofika, Hazel alishaingizwa uwanjani na watu wanataja bei, na hapo haruhusiwi tena kutolewa. Mdogo wako, ambaye hajajinunulia soksi tangu tuoane, akainua mkono. Dalali akashangaa.

"Armand, si ng'ombe wako huyu?"

"Ndiye. Endelea."

Na kwenye benchi la mbele alikuwepo jirani yetu Dwight Kessel, baba yake Curtis. Bi. Whitcomb alikuwa ameshampelekea habari kwamba huenda Odette asiende, pamoja na mkate wake bila shaka. Dwight hakuwa na haja ya mtamba. Lakini kila Armand alipoinua mkono, naye aliinua.

"Dwight, huna hata nafasi ya kumweka," Armand akamwambia.

"Na wewe huna aibu. Mmesaini, sasa mnakimbia. Mwanangu ndiye atakayelipa."

"Basi mlipie Odette ada. Akishaenda, Curtis wako atapokewa kwa ngoma."

Watu wakacheka, na Dwight akashusha mkono, lakini bei ilikuwa imeshafika maradufu. Armand alimnunua ng'ombe wake mwenyewe kwa bei ya ng'ombe wawili; pesa ilirudi kwetu, ila asilimia ya dalali, nayo maradufu, ilikwenda. Tangu siku hiyo Dwight hatusalimu. Kanisani amehamia upande wa pili. Kila kiangazi tumekuwa tukivuna majani pamoja naye, trekta lake na letu, na mwaka huu sijui nani atakuja. Hilo nalo liweke kwenye hesabu ya chuo chako.

Walirudi garini, mtoto analia, Hazel nyuma anapiga tela mateke. Odette akasema, "Baba, shangazi anasema mtu mwenye heshima havunji ahadi."

Armand akamwuliza, "Na wao walikuahidi nini?"

Odette akageuka nyuma kumtazama Hazel.

"Shangazi yako je? Yeye ameahidi nini?"

Odette mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, na alinisimulia huku anakula, ndipo nikajua tumempata tena.

Jioni ile aliwaandikia chuo kwamba haendi. Baba yake alikaa naye jikoni hadi mwisho, naye akasaini chini yake, safari hii akiwa ameiona bei. Wamejibu kwa mistari miwili kwamba wamesikitika. Ameomba upya kwenye chuo cha jimbo. Mama wa huko alituambia nafasi ya kusoma haina shida, lakini ule ufadhili wa watoto wa wakulima wameanza kuugawa, na hatujui kama Machi utakuwa umebaki. Usipobaki, atakaa nyumbani mwaka mmoja akamue na kusubiri. Ameshalisema yeye mwenyewe, bila machozi. Mimi ndiye niliyekwenda kulia nyuma ya banda, kwa sababu hadi Desemba ufadhili ule ulikuwa karibu kabisa mkononi mwake.

Nina maombi mawili. La kwanza, ukitaka kumfundisha mtu heshima, nipigie mimi, saa kumi na moja alfajiri, ndipo ninapokuwa na nafasi. Odette muulizie afya yake na Hazel, basi. La pili, najua chuo huwa kinakutuma kuwahoji watoto wa huko wanaoomba. Kabla hujawasifia ile ahadi, waulize baba zao wanafanya kazi gani. Ukiona mtoto anatazama chini, mwambie asubiri bei.

Usidhani nimekukata. Chumba chako cha juu bado ni chako, na ile pai ya nyama ya Krismasi nimekuwekea kipande kwenye friza kama kila mwaka, ingawa nilikiweka kwa hasira. Mama yenu anazeeka, Lucille. Njoo kabla theluji haijayeyuka, na uje na viatu vya kazi.

Msalimie sana shemeji Gerald, na binti yenu Simone na mumewe, na umbusu mjukuu kwa niaba yetu. Mama yenu anakusalimu. Armand anakusalimu pia, ila amesema nisiandike kwamba amesema. Mungu awalinde wote, awape afya, na wewe akupe subira ya kuisoma barua hii hadi mwisho kabla hujashika simu.

Wifi yako akupendaye, ingawa mwezi huu kwa shida,

Noreen

Picha uliyoomba imo ndani ya bahasha. Huyo uliyemwona ni ndama wa juzi, aliyezaliwa kwenye baridi kali, na Odette hakuwa na kitu kingine karibu cha kumvisha. Sweta limemkaa vizuri, jina la chuo linasomeka lote, na hakuna aliyemtaka asaini.