Tone Lililokataa Kuzama

Zuhura mjukuu wangu,

Hapa Ruziba tu wazima, ila baba yako analalamika kwamba hupokei simu zake. Umeniuliza kwa nini bustani yako haishiki maji.

Nilipoolewa, tulilima mteremko wa Gihosha, palipochomwa mikaratusi. Mvua ilinyesha, mboga zetu za lengalenga zikanyauka, na maji yote yakakimbilia ukuta wa matofali mabichi wa jirani. Tulipofukua, chini palikuwa vumbi tupu.

Mawingu yalirudi, meusi. Mama mkwe akadondosha tone moja la maji kwenye udongo. Tukalikodolea macho. Halikuzama.

"Mafuta ya majani iliungua, ikashika mu udongo," akasema. "Muchimbe sasa, mvua iko karibu."

Tulivunja lile tabaka la juu lililoshika mafuta, tukachanganya udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, radi ikinguruma juu yetu. Akadondosha tena. Tone likatetemeka, likasita, likazama. Mvua ikaanguka, na ukuta wa jirani ukabaki umesimama.

Kwa hiyo usimwage maji mengi, mama. Chimbua kwanza, udondoshe kidogo, ungoje.

Baba yako nimemkataza kukupigia kila siku. Mi nakuandikia barua hii moja tu, na nangoja.

Bibi yako